Kaa ama Mapacha? Historia ya nyota mbili za mtu mmoja

KESHERO, Goma –

Wiki iliyopita nilikuwa mahali tunapolipia kucharji telefone, karibu na barabara ya kwenda Sake. Kijana mmoja aliyekimbia Masisi na familia yake, na ambaye sasa anakaa kwa mjomba wake hapa Keshero, alinionyesha telefone yake. Programu moja ya horoskopi, kwa Kifaransa, ilimwambia yeye ni Kaa. Nyingine, iliyotengenezwa India, ilimwambia yeye ni Mapacha. Tarehe aliyoandika ni moja, 30 Juni. Saa ni moja na mahali ni pamoja.

"Papa," akaniuliza, "mbona nina nyota mbili? Na ni ipi itanirudisha kwetu?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba nyota yake imechafuka, na kwamba kwa makuta kidogo itasafishwa na njia ya nyumbani itafunguka. Hayo makuta kidogo yalikuwa unga wa familia kwa wiki nzima.

Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani, nikasoma, nikahesabu. Leo ninamjibu mbele yenu wote, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Nani kati yetu hajasikia habari ya nyota iliyoibiwa, nyota iliyofungwa, nyota ya kurudishiwa? Neno hilo lina historia ndefu, na anayeijua hadanganywi kirahisi.

Mwanzo mmoja

Wengi wanafikiri unajimu wa Wazungu na unajimu wa Wahindi ni vitu viwili visivyojuana. Ukweli ni kwamba ni ndugu waliolelewa nyumba moja kwa sehemu kubwa ya maisha yao.

Nyumba hiyo ilikuwa Babeli, katika nchi tunayoiita Irak leo. Makuhani wa kule walitazama anga usiku baada ya usiku kwa mamia ya miaka, wakaandika kwenye vibao vya udongo. Waliona kwamba jua, mwezi na sayari hupita njia moja tu mbinguni. Karibu miaka 2,400 iliyopita waliigawa njia hiyo vyumba 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30. Vyumba hivyo ndivyo hivi tunavyovisikia mpaka leo: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki.

Kutoka Babeli elimu hiyo ilifika kwa Wagriki, na kitabu chake kikubwa kiliandikwa hapa Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, katika karne ya 2. Mwandishi aliitwa Ptolemy. Wanajimu wa Ulaya waliofuata wote wamejengea juu ya kitabu chake.

Wahindi nao walikuwa na hesabu yao ya zamani. Walifuata mwezi. Waliigawa njia yake vituo 27, kwa sababu mwezi huizunguka anga kwa siku 27 na kitu. Vituo hivyo viliwasaidia kupanga siku za ibada. Vyumba 12 vya Babeli viliwafikia baadaye, kwa mikono ya Wagriki. Kitabu kimoja cha kale cha Kihindi kinaitwa Yavanajataka, na "Yavana" ndilo jina ambalo Wahindi waliwapa Wagriki. Hata maneno yalihama pamoja na elimu. Mwanajimu mkubwa wa India katika karne ya 6, Varahamihira, anatumia neno "hora", ambalo ni la Kigriki na maana yake ni saa. Neno hilo hilo limo ndani ya "horoskopi", na limo ndani ya "heure" ya Kifaransa ambayo watoto wetu wanajifunza shuleni.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba ya Wahindi ni safi na ya Wazungu ni ya kuiga, ama kinyume chake, hajui historia. Wote walipokea, na wote waliongeza ya kwao.

Pale walipoachana

Sasa tufike kwa Kaa na Mapacha.

Dunia inazunguka, lakini haijasimama wima. Inayumba polepole kama pia, kile kichezeo ambacho watoto hukizungusha chini kwa kamba mpaka kinaanza kulewa. Yumbo moja la dunia linachukua karibu miaka 26,000. Mgriki aitwaye Hipparchus aliligundua jambo hili zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kwa sababu ya yumbo hilo, mahali jua linapokuwa tarehe fulani ya mwaka hujitenga na nyota kwa nyuzi moja kila miaka 72.

Fikirieni avenyu moja ya hapa mtaani. Mtu mmoja anahesabu nyumba kuanzia kanisani, na kanisa halitembei. Mwingine anahesabu kuanzia sokoni, na soko hilo kila mwaka husogea hatua moja. Mwanzoni soko lilikuwa mlangoni mwa kanisa, kwa hiyo hesabu zao zilikuwa sawa. Leo soko liko mbali, na nyumba yako, ambayo haikuhama, imepata namba mbili.

Wahindi ndio wanaohesabu kutoka kanisani. Wanaanzia kwenye nyota zenyewe za mbinguni. Wazungu wanahesabu kutoka sokoni. Kufuatana na Ptolemy, wanaanzia pale jua linapokuwa karibu 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku vinalingana. Hesabu inayotumika sana India inasema kanisa na soko vilikuwa pamoja karibu mwaka 285. Tangu wakati huo vimeachana kwa nyuzi kama 24, na chumba kizima ni nyuzi 30 tu. Ndiyo sababu watu wengi wakihama kutoka hesabu ya Wazungu kwenda ya Wahindi hurudi nyuma chumba kimoja.

Mfano mzuri ni nchi yetu wenyewe. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960. Kwa Wazungu siku hiyo jua liko katika Kaa. Kwa Wahindi bado liko katika Mapacha, na halitaingia Kaa mpaka karibu 16 Julai. Kijana wa Masisi ana nyota mbili kama vile nchi yake ina nyota mbili.

Usidhani kwamba Wahindi wenyewe walikubaliana. Watengeneza kalenda wao walitofautiana sana, hata sikukuu zikaangukia siku mbalimbali. Mwaka 1952 serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda, ikiongozwa na mwanasayansi Meghnad Saha. Mwanzo wa hesabu ukapimwa kwa nyota moja waiitayo Chitra. Yaani mahali nyota yako inapoanzia paliamuliwa na watu waliokaa mezani.

Na tukumbuke pia wapi tunakaa. Ptolemy alichagua Machi kwa sababu kwake baridi inaisha na majani yanachipuka. Sisi hapa Goma tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana na usiku wetu vinakaribia kulingana mwaka mzima, na Machi kwetu ni mvua. Mkulima wa Masisi ama Rutshuru anajua mwaka wake una misimu miwili ya kupanda, mmoja karibu Septemba na mwingine karibu Februari. Majira ambayo juu yake hesabu ya Wazungu imejengwa hayakuwahi kufika shambani kwake.

Kila mmoja anatazama nini

Tofauti haiishii kwenye mwanzo. Mzungu akikuuliza nyota yako, anataka kujua jua lilikuwa chumba gani ulipozaliwa. Tarehe inamtosha. Desturi hii ya kugawa watu wote mafungu 12 katika gazeti si ya kale. Ilipata nguvu London mwaka 1930, gazeti la Sunday Express lilipochapisha nyota ya mtoto wa kifalme, Margaret, aliyezaliwa Agosti ya mwaka huo. Wasomaji walipenda, na magazeti mengine yakafuata.

Mhindi yeye anauliza kwanza mwezi ulikuwa wapi, na mwezi hubadili chumba kila siku mbili na robo hivi. Kisha anauliza ni chumba gani kilikuwa kinachomoza mashariki, na hicho hubadilika karibu kila saa mbili. Kwa mwezi wa kuzaliwa, familia nyingi za Kihindi huchagua herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Kabla ya ndoa, karatasi za bwana na bibi harusi hulinganishwa, jambo ambalo wapenzi wa filamu za Kihindi hapa mjini wameliona mara nyingi.

Wahindi pia wanagawa maisha vipindi, jumla yake miaka 120, kila kipindi na mtawala wake. Jua lina miaka 6, Zuhura 20, Zohali 19. Kati ya watawala hao 9 wamo Rahu na Ketu, ambao si sayari. Ni mahali pawili ambapo njia ya mwezi inakata njia ya jua, pale kupatwa kwa jua na mwezi kunapotokea. Wanajimu wa Ulaya wao waliongeza sayari kila wenye darubini walipoziona: Uranus mwaka 1781, Neptune mwaka 1846, Pluto mwaka 1930. Mwaka 2006 wanasayansi waliiondoa Pluto katika hesabu ya sayari, lakini wanajimu wengi wameendelea nayo.

Njia ya tatu, iliyokuja na lugha yetu

Kuna wa tatu ambaye programu za telefone hazimtaji, naye ndiye aliye karibu zaidi na sisi.

Katika karne ya 8 wasomi wa Baghdad walitafsiri vitabu vya Wahindi na vya Wagriki vyote pamoja. Mji huo wenyewe ulianza kujengwa 30 Julai 762, siku iliyochaguliwa na wanajimu. Elimu yao, falaki, ilivuka bahari mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Ndiyo sababu pwani walivipa vyumba 12 majina ya Kiarabu, kama Hamali, Saratani na Mizani, na wakahesabu vituo vya mwezi 28 badala ya 27.

Pwani hiyo ilitufikia. Misafara ya karne ya 19 iliyoleta Kiswahili mpaka Maniema ililipiwa kwa sehemu na Wahindi wa Zanzibar. Tajiri Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Misafara hiyo ilileta vitambaa na bunduki, ikachukua pembe na watu, na ikaacha maneno. Bahati, kisirani, falaki na ramli yote yalitoka njia hiyo.

Mnajimu wa pwani wa desturi hiyo anaweza asikuulize tarehe kabisa. Anauliza jina lako na jina la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Anajumlisha, anatoa 12 mara nyingi awezavyo, na kinachobaki ndicho nyota yako. Vitabu vya hesabu hiyo hubeba jina la Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyekufa mwaka 886. Katika siku zetu aliyeufanya unajimu ujulikane sana kwa Kiswahili, magazetini na redioni, ni Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011.

Kwa hiyo, kijana wangu, nyota zako si mbili. Kwa jina lako na la mama yako unaweza kupata ya tatu.

Je, zinaona mbele?

Hapa ndipo penye unga wa wiki nzima, basi tupatazame vizuri.

Mwaka 1499 mnajimu wa Kijerumani, Johannes Stöffler, aliandika kwamba Februari 1524 sayari zitakutana katika Samaki na mabadiliko makubwa yatatokea. Wengi Ulaya walielewa kwamba ni gharika, hata wengine wakajenga mashua. Gharika haikuja. Februari 1962 ikawa zamu ya India. Jua, mwezi na sayari zilikusanyika katika Mbuzi kwa hesabu yao, na watu wakaomba usiku na mchana wakingoja mwisho wa dunia. Siku zikapita na wakarudi kazini.

Wako waliopima kwa utulivu. Mwaka 1985 Mmarekani Shawn Carlson alitoa katika jarida la Nature matokeo ya kujaribu wanajimu wa Magharibi. Waliombwa kuchagua maelezo ya tabia ya mtu kati ya matatu kwa kutumia nyota yake, wakapata karibu moja kwa tatu, sawa na anayechagua macho yamefungwa. Kule India, mtaalamu wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 karatasi 40 kila mmoja. Walipaswa kusema ni za watoto wenye akili nyingi shuleni ama za watoto wenye ulemavu wa akili. Walipata asilimia 46, wakati kurusha sarafu tu kungewapa karibu 50.

Nami nilifanya jaribio dogo la kwetu. Nyiragongo ilitapika moto 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Kwa Wazungu mara mbili za kwanza jua lilikuwa katika Mbuzi. Mtu angeweza kusema Mbuzi ndiyo nyota ya mlima wetu, na watu wa Goma wangelala salama kila Mei. Kisha ikaja mara ya tatu, katika Mapacha. Kwa hesabu ya Wahindi ni Mshale, Mbuzi, halafu Ng'ombe. Hakuna kamba inayozifunga pamoja.

Tunaokumbuka 2021 tunajua ni nini kilichohitajika. Tulihitaji mashine za kupima mitetemeko na intaneti ya kupeleka vipimo, wakati Chuo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimeishiwa fedha za kazi hiyo. Hata wenye mashine walieleza baadaye kwamba mlima ulitoa dalili chache mno. Siku ya 27 Mei, watu wa mitaa 10 walipoamriwa kuondoka na wengi wakashika njia ya Sake na mikeka kichwani, hakuna aliyeuliza jirani ni Kaa ama Mapacha.

Sisemi waliotazama anga walipoteza wakati. Mabaharia wa pwani walijua siku za kaskazi na kusi kwa kuhesabu kutoka Nairuzi, mwaka wa siku 365 ambao watu wa Makunduchi, Zanzibar, bado wanausherehekea kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Anga inatupa kalenda, na kalenda ni kitu kikubwa. Lakini lini vita itaisha, ama lini barabara ya Masisi itapitika kwa amani, hayo yako mikononi mwa watu.

Kilicho chako

Kuna jambo moja ambalo wanajimu wa Kizungu na wa Kihindi wanakubaliana nalo. Kabla ya kusema lolote, wanakuuliza: ulizaliwa siku gani, saa ngapi, wapi?

Nilipomuuliza kijana wa Masisi saa yake, alisema mama yake humwambia "saa nne usiku". Kwenye programu alikuwa ameandika 4, na programu ikaelewa alfajiri. Saa nne yetu ya usiku ni 22 kwa saa ya Kizungu. Alikosea saa 18, yaani karibu vyumba tisa vinavyochomoza. Na tarehe je? Hakuwa na karatasi. Cheti chake kilibaki katika nyumba waliyoikimbia.

Hapo nikaona swali la kweli. Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zivunjwe Februari 2025, wengine walirudi makwao na wengine wamebaki kwa ndugu na marafiki, na wengi hawana karatasi hata moja. Watoto wamezaliwa chini ya hema na barabarani. Sheria ya familia ya nchi yetu inatoa siku 90 kuandikisha mtoto etasivili. Baada ya hapo lazima kupitia tribinali. Mtoto asiye na cheti atasumbuka kwa diplomu, kwa urithi, na hata kuonyesha siku moja kwamba kwao ni Masisi.

Basi, mama zangu na papa zangu, chukueni daftari. Andikeni jina la kila mtoto, majina ya wazazi, siku, mwezi na mwaka, na saa kwa kusema asubuhi ama usiku. Andikeni kijiji ama hospitali, na jina la aliyemzalisha. Pigeni picha ukurasa huo, mtumie ndugu aliye mbali. Daftari si cheti, lakini siku ya kukitafuta mtakuwa na pa kuanzia.

Yule kijana nilimkuta tena juzi, pale pale. Unga ulikuwa umenunuliwa. Alikuwa amempigia mama yake mkubwa aliye Kitshanga, akamwomba amweleze usiku aliozaliwa, na ameandika yote nyuma ya daftari la shule la mdogo wake: 30 Juni, saa nne usiku, mvua kubwa.